SOMO: UKISTAAFU, UTAKAA WAPI?



Katika vikundi vyetu vya Kitale na Bungoma tumejifunza kuweka akiba, kufuga ng'ombe wa maziwa na kutunza udongo. Leo tuongee juu ya jambo ambalo wengi huliacha mpaka siku ya mwisho ya kazi: mahali pa kuishi uzeeni. Mwalimu, nesi, askari na dereva, siku yao ya kurudi itafika. Wengi hutamani mji mdogo karibu na Mlima Elgon, kama Endebess, Kapsokwony au Kaptama. Hewa ni safi, mbu ni wachache, udongo unazaa. Hamu hiyo si mbaya. Lakini someni kwanza kisa hiki. Mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize.

KISA

Mzee mmoja alikuwa dereva Mombasa miaka 31. Kwao ni karibu na Bungoma mjini. Alipopata pesa zake za kustaafu, alinunua ekari moja na nusu juu mlimani, akajenga nyumba ya vyumba vitano. Mama alionyeshwa nyumba ikiwa imeshaezekwa. Alisema, "Ni nzuri, baba," akanyamaza.

Mwaka wa kwanza walifurahi. Mwaka wa pili mzee akaanza kuugua presha. Dawa zilikuwa mjini chini, na mvua ya Agosti ikinyesha, watu wa boda boda walikataa kupanda. Pesa zote zilikuwa zimeingia kwa mawe na simiti. Kikundi cha mama, alichokaa nacho miaka 18, kilibaki chini. Usiku mmoja mzee alianguka. Majirani wachache walimbeba kwa kitanda kilometa nne mpaka barabarani. Alipona, lakini mkono wa kushoto hauna nguvu mpaka leo.

Nilipowatembelea, mama aliniambia, "Mwanangu, huyu mzee alinunua upepo. Mimi nilihitaji majirani."

TUNAJIFUNZA NINI?

Mzee alichagua kwa macho ya mtu wa miaka 60. Lakini nyumba ile itakaliwa na watu wa miaka 75. Kabla ya kutoa shilingi moja, pimeni mambo haya matano.

1. Hospitali. Ukiugua saa nane usiku, utafikaje, na nani atakupeleka? Tena hakikisha umesajiliwa SHA, ambayo ilichukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024, na malipo yako hayajakatika. Ukistaafu, mwajiri hakukatii tena kwa mshahara.

2. Njia na mteremko. Usitazame shamba Januari wakati wa jua. Litazame wakati wa mvua. Kukiwa na mteremko mkali uliokatwa miti, kaa mbali. Mwezi wa Machi 2010, upande wa Uganda wa mlima huu, huko Bududa, udongo uliporomoka ukafunika kijiji cha Nametsi na watu wake.

3. Watu. Kanisa liko wapi? Kuna kikundi? Lugha ya majirani unaielewa? Mzee bila majirani ni kama moto wa kuni moja.

4. Pesa za kula. Sehemu za Kitale mahindi ni msimu mmoja: hupandwa Machi au Aprili, huvunwa kuanzia Oktoba. Anayetegemea mahindi peke yake atangoja mwaka mzima. Kuku, mboga na ng'ombe mmoja huleta pesa kidogo kidogo. Na usijenge kwa pesa zote. Yesu mwenyewe, katika Luka 14:28, anauliza ni nani ajengaye mnara bila kukaa kwanza na kuhesabu gharama.

5. Ardhi yenyewe. Ardhi ya mlima ina historia. Mzozo wa kugawa mashamba ya Chebyuk ulizaa mapigano ya mwaka 2006 mpaka 2008, na wengi walikimbia makwao. Kwa hiyo fanya hivi:

- Uliza wazee, majirani na chifu kabla ya kumsikiliza broka.
- Nenda ofisi ya ardhi ufanye sachi, uone hati ni ya nani na kama ina deni.
- Muulize muuzaji, "Mke wako anajua?" Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 haikubali nyumba ya ndoa iuzwe bila mwenzi kukubali.
- Kama ni shamba la kilimo, ombeni kibali cha Bodi ya Ardhi kabla miezi sita haijapita tangu mkubaliane.
- Usimalize kulipa kabla hati haijageuzwa jina.

Na kama bado moyo unataka mlima? Panga chumba huko kwanza, mkae msimu mmoja wa mvua, wewe na mwenzi wako. Kodi ya miezi michache ni ndogo kuliko nyumba ya majuto. Yule mzee na mama sasa wamepanga vyumba viwili Kimilili, na shamba la juu wamelipanda miti. Mama amepata kikundi kingine.

KAZI YA KIKUNDI

Chukueni vijiti na mawe, mchore chini ramani ya wiki moja ya mtu wa miaka 75: maji, kanisa, soko, hospitali. Akina baba wachore yao, akina mama yao, halafu mlinganishe.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini mama alinyamaza alipoonyeshwa nyumba? Kwetu nyumbani, nani hunyamaza?
2. Katika kikundi chetu, nani atastaafu miaka mitano ijayo? Amezungumza na mwenzi wake na watoto?
3. Mgeni mzee akihamia kijijini kwetu, tutamkaribishaje?

Andikeni mliyokubaliana katika kitabu cha kikundi, na kila mmoja aende nayo nyumbani jioni hii. Mungu awabariki.