Kisukari na Kazi ya Ziwani: Mwongozo kwa Watu wa Kirando

Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikikolea, nyavu huanikwa na wavuvi wa Kirando hupumzika. Maelekezo ya dawa za kisukari, lakini, humfikiria mtu anayelala usiku na kunywa chai asubuhi. Mvuvi aliyemeza kidonge cha jioni kisha akaingia mtumbwini bila kula anaweza kuishiwa sukari akiwa katikati ya maji. Ndiyo maana neno la kwanza kwa daktari ni hili: “Mimi navua usiku.”

Hatua ya 1: Panga kliniki kwa kufuata mwezi

Ukipangiwa tarehe katika Kituo cha Afya Kirando, omba iangukie siku za mbalamwezi. Rudi wakati vidonge vya wiki moja bado vimebaki, usingoje viishe. Sukari iliyopanda haiumi, na hapo ndipo wengi huacha dawa wakidhani wamepona.

Hatua ya 2: Asubuhi ya kipimo

Kama umeambiwa upimwe kabla ya kula, kaa saa nane bila chakula. Maji ni ruhusa. Usiku huo usivue. Kama unachoma insulini au unameza vidonge vinavyoshusha sukari, muulize muuguzi mapema kuhusu dozi ya asubuhi: kwa kawaida husubiri chakula. Beba kiporo chako, daftari la kliniki na dawa zote, za kienyeji zikiwemo.

Kwa watu wazima wengi, lengo kabla ya kula ni kati ya milimoli 4 na 7 kwa lita, na chini ya 10 saa mbili baada ya kula. Omba uandikiwe namba yako, usiridhike na “iko sawa.” Presha ipimwe kila mara. Kipo pia kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi mitatu hivi. Wengi hulenga chini ya asilimia 7.

Hatua ya 3: Ijue dawa yako kwa jina

Metfomini humezwa pamoja na chakula ili tumbo lisisumbuke, na ikitumika peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi. Glibenklamidi ni tofauti kabisa: huisukuma kongosho itoe insulini, umekula au hujala. Ukiwa nayo, mweleze daktari saa unazokula kweli, wakati wa giza na wakati wa mbalamwezi, akupangie dozi. Usijipunguzie mwenyewe.

Insulini haivumilii joto la ufukweni, wala haivumilii kuganda. Usiilaze kwenye barafu ya samaki: ikishaganda imeharibika, hata ikiyeyuka na kuonekana nzima. Asiye na friji aiweke ndani ya mfuko usiopitisha maji, katika chungu kilichotumbukizwa kwenye chungu kikubwa, katikati mchanga wenye maji, kivulini penye upepo. Chupa iliyofunguliwa hutumika kwa wiki nne hivi. Andika tarehe juu yake.

Hatua ya 4: Wafundishe wenzako wa mtumbwini

Jasho baridi, kutetemeka, njaa ya ghafla, maneno kuvurugika: wenzako wanaweza kudhani umelewa. Waambie kabla hamjasukuma mtumbwi. Weka sukari kwenye kichupa kinachofungwa vizuri, kiwe mfukoni mwako. Dalili zikianza, koroga sukari vijiko vitatu vya chai kwenye maji, unywe, usubiri dakika 15, zikiendelea, rudia. Kisha kula ugali au kiazi, usirudi kuvuta wavu kwanza. Aliyepoteza fahamu asitiwe kitu mdomoni: alazwe ubavu, mtumbwi urudi nchi kavu, apelekwe kituoni. Pombe kwenye tumbo tupu huleta hatari hiihii, na huificha.

Siku ya malaria au kutapika, usiache insulini kwa sababu hujala. Nenda kituoni siku hiyohiyo.

Hatua ya 5: Miguu kila siku

Mwiba wa samaki ukiingia kwenye mguu uliokufa ganzi, hutausikia. Kila ukirudi, osha miguu, kausha katikati ya vidole, na umwombe mtoto akutazame nyayo. Vaa kandambili au viatu hata mchangani. Kidonda, hata kidogo, kionwe kituoni.

Hatua ya 6: Mara moja kwa mwaka

Macho yachunguzwe kwa ndani, mkojo upimwe protini, na damu ipimwe kazi ya figo. Kisichopatikana Kirando, omba rufaa ya Namanyere au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Sumbawanga. Dawa ya kupanua mboni hutia ukungu machoni kwa saa kadhaa, kwa hiyo nenda na mtu. Bebeni chakula cha njiani na sweta, maana juu Ufipa kuna baridi. Insulini iwe kwenye mkoba wako wa mkononi, isipandishwe juu ya basi na mizigo.