Jiko Linaanzia Ukutani

Tulihamia kwetu vyumba viwili vikiwa havijapigwa dari na sinki la jikoni likiwa bado kwenye boksi, lakini jiko la plati nne lenye oveni lilikuwa limeshafika. Nililinunua miezi mitatu kabla ya kuhama, kwa furaha ya mpangaji wa miaka 11. Siku ya kulifunga, fundi akatoa futi, akapima nafasi tuliyoiacha kati ya kaunta: sentimita 57. Jiko lilikuwa na 60. Soketi ya upande ule ilikuwa moja, nayo tumeshaipa friji. Basi jiko likasogezwa karibu na mlango wa nyuma, plati za gesi tukazitumia, oveni haikuwashwa hata siku moja. Sufuria zikahamia humo. Shangazi alipokuja kutoka Tanga kuona nyumba, akaifungua, akachungulia, akaniuliza, "Mwanangu, kabati hili umelinunua bei gani?"

Ukubwa wa jiko haukuwa tatizo. Nilianzia mwisho. Wengi wetu Dar es Salaam na mikoani tunajenga kwa awamu: kiwanja mwaka huu, msingi mwaka ujao, boma, kupaua, halafu kupumua. Katika safari hiyo kuna wiki chache ambazo fundi umeme anapitisha mabomba ya waya kabla ya plasta. Jiko la kupikia hupangwa wiki hizo. Ukipitisha waya wakati huo, unalipia waya tu. Ukisubiri mpaka vigae na rangi viishe, utalipia waya, kutindua ukuta, vigae vipya visivyofanana na vya zamani, na siku tatu za kula vumbi.

Unachomwomba fundi ni laini ya jiko inayojitegemea kutoka kwenye boksi la breka: waya wa milimita za mraba 6, breka ya ampea 32, na swichi yake kubwa ukutani, pembeni ya jiko wala si nyuma yake, ili mafuta yakishika moto usilazimike kupitisha mkono juu ya kikaango kuizima. Kwa umeme wetu wa volti 230, laini hiyo inabeba zaidi ya wati 7,000, na majiko mengi ya gesi yenye oveni ya umeme hayafiki hapo. Hata kama huna mpango wa jiko la umeme, ipitishe na uifunike kwa kibao cha plastiki, siku yake itafika. Soketi ya kawaida ya pini tatu bapa mwisho wake ni ampea 13, kama wati 3,000 hivi. Birika la wati 2,200 na presha kuka ya wati 1,000 kwenye ekstensheni moja vimeshapita kiwango. Ekstensheni za jikoni hunuka plastiki kwa sababu hiyo, na wenyewe tunailaumu Tanesco.

Ethi nayo usiikubali kwa maneno. Mwambie fundi akuonyeshe nondo yake ilipozikwa nje, kisha apime kwa mashine kwenye soketi zenyewe. Jikoni ni mahali pa mikono iliyolowa na mabodi ya chuma, na kuna nyumba ambazo waya wa ethi umekatwa ukaachwa unaning'inia nyuma ya soketi, hauendi popote.

Anayenunua nyumba iliyokwisha au fleti hana ukuta wa kuchezea. Yeye afungue boksi la breka siku ya kuikagua, kabla ya kupatana bei. Akikuta breka moja imebeba taa za jikoni, soketi zote na friji, hiyo ni hoja ya kupunguziwa.

Kwa wa gesi, ukuta una kazi nyingine, nayo ni tundu. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi darini, inatambaa na kulala sakafuni mpaka ipate cheche, na friji inayojiwasha yenyewe usiku inatosha. Mtungi ukae nje, umesimama wima, kivulini, kwenye kizimba cha nondo chenye kufuli. Bomba la shaba lipite ukutani, mpira mfupi umalizie kwenye jiko. Kila ukibadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye maungio. Likitoa mapovu, funga. Kiberiti hakipimi uvujaji.

Ukuta ukishakaa sawa, chukua daftari. Kwa wiki moja andika kila kilichopikwa nyumbani na muda kilichokaa motoni. Andika mnachokula, yale mapishi mnayoyatazama kwenye simu yaache hukohuko. Letu lilisema hivi: chai kila asubuhi, ugali mara 5, wali mara 4, maharage mara 3, chapati Jumapili, mboga na samaki karibu kila siku. Keki haikuwemo. Nilikuwa nimelipia oveni kwa ajili ya chakula ambacho hakimo kwenye daftari.

Mla pesa mkubwa humo ni maharage. Zidisha wati za chombo kwa saa, gawa kwa 1,000, utapata uniti. Bei ya uniti ipate kwenye risiti yako ya LUKU, ugawe pesa uliyolipa kwa uniti ulizopewa; nyumba nyingi za mjini hupata kama shilingi 356. Plati ya umeme ya wati 1,500 ikichemsha maharage saa 2 imekula uniti 3, zaidi ya shilingi 1,000 kabla hujaunga nazi. Presha kuka ya umeme ya wati 1,000, hata tukisema imewaka dakika 45 mfululizo, itakula robo tatu ya uniti, chini ya shilingi 270. Na haiwaki mfululizo: ikishafikisha presha inajikata na kujiwasha kidogo kidogo. Loweka maharage tangu usiku na hesabu itashuka zaidi. Kama makande, kongoro na maharage ni vyakula vya kila wiki kwako, chombo hicho kidogo kinachokaa kwenye kona ya kaunta kitakurudishia pesa mapema kuliko kingine chochote utakachonunua.

Ila wale walio kwenye daraja la matumizi madogo, wanaolipa bei ya msingi ya shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, wawe macho. Ukivuka hapo, uniti za ziada zinapanda zaidi ya mara tatu. Presha kuka mara tatu kwa wiki inavumilika. Plati ya umeme ya kila siku itakutoa.

Jambo jingine ambalo muuzaji hatakwambia ni umeme wa saa 1 usiku, mtaa mzima ukiwa unapika. Volti zikishuka hadi 180, plati ya wati 2,000 inafanya kazi kama ya wati 1,200. Wali unaiva juu, chini unakuwa bokoboko. Kama mtaani kwenu taa hufifia jioni, chakula cha jioni kipe gesi.

Ugali nao una masharti yake. Unasongwa kwa nguvu, sufuria imeshikwa kwa koleo au imekanyagiwa mguu kama wafanyavyo wanaopikia shughuli, na jiko la kioo halikutengenezwa kwa fujo hiyo. Sukuma jiko kwa kiganja pale dukani. Likiteleza kwenye meza, mwiko utalitembeza jikoni. Majiko ya indakshani ni mazuri na yanabana umeme, lakini yanapasha chuma kinachonasa sumaku tu. Sufuria zetu za alumini hayazioni kabisa. Ukilinunua, ongeza kwenye bajeti bei ya sufuria mpya zote, kisha uone kama bado ni rahisi.

Kwenye gesi, linganisha bei kwa kilo: gawa bei ya kujaza mtungi wa kilo 6 kwa 6, na ya kilo 15 kwa 15, kwa muuzaji uleule. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe, kwa hiyo mtungi uliojazwa uwekwe kwenye mizani mbele yako kabla ya kulipa. Sisi watu watano, maharage yakiwa yamehamia kwenye umeme, kilo 15 hutufikisha wiki sita hivi. Mtungi mdogo uwe wa akiba, kwa sababu gesi ina tabia ya kwisha wageni wakiwa sebuleni. Kagua tu kama regulata yako inaingia kwenye mitungi yote miwili. Mara nyingi vichwa vyake havifanani.

Kwa mwenye shilingi 1,500,000 za jikoni, leo ningezigawa hivi: 500,000 ziingie ukutani, 600,000 zinunue jiko la gesi la mezani la plati mbili au tatu, mtungi wa kilo 15 na presha kuka. Zinazobaki zisiguswe kwa miezi mitatu. Baada ya muda huo nyumba yenyewe itakuwa imekwambia inachokosa. Bei zinabadilika kila ukienda Kariakoo, kwa hiyo chukua uwiano, usichukue tarakimu. Kama kuna kichen pati njiani, birika, blenda na jiko la wali usivinunue kabisa. Vitakuja, na mabirika yatakuja matatu.

Oveni ikibaki kuwa hamu ya kweli, anza na ya mezani. Mkate wa kumimina umeiva vizazi na vizazi kwa kupalia makaa juu ya kifuniko, na pilau ya watu 40 bado itapikwa uani kwa mkaa, hata ujenge jiko la kioo tupu. Achia nafasi ya mafiga nje.

Kuhusu jiko la mtumba kutoka Ulaya, bodi yake mara nyingi ni imara kuliko ya jipya la bei hiyohiyo, lakini muulize muuzaji kuhusu nozeli. Majiko mengi ya kule yanatumia gesi asilia ya bomba, na matundu ya nozeli zake ni makubwa kuliko yanayofaa gesi ya mtungi. Ukiliunganisha hivyo hivyo, moto unatoka mrefu, wa njano, na masufuria yanapata masizi kama ya kuni. Nozeli ndogo zipo na fundi anazibadilisha. Gharama hiyo ipunguzwe kwenye bei. La Marekani la umeme liache hapohapo, limetengenezwa kwa mfumo wa umeme wa kwao, tofauti na wetu.

Mara ya pili nilipokwenda kununua, baada ya kumuuzia jirani lile kabati la Shangazi, nilibeba futi, sumaku ya mlango wa friji, na sufuria yetu kubwa ya ugali ndani ya mfuko. Nikaiweka juu ya kila jiko kuona kama inaacha nafasi ya sufuria ya pili. Kwenye majiko manne haikuacha. Kijana wa duka alinitazama muda mrefu, kisha akaniuliza kwa adabu, "Mzee, hiyo sufuria unaiuza?"