Hofu Iliyopelekwa Nyumbani mwa Bwana

Fungu la Kukariri: Wafilipi 4:6, 7

Soma 2 Nyakati 20:1–13. Yehoshafati alifanya nini mara alipopata habari za vita? Alikiri jambo gani mbele ya watu wake?

Habari zilimfikia mfalme ghafula. Wamoabu na Waamoni, pamoja na wenzao, walikuwa wamekwisha kufika Engedi, ukingoni mwa Bahari ya Chumvi. Hatari haikuwa tena ng'ambo. Ilikuwa ndani ya mipaka ya Yuda. Biblia haifichi kilichotokea moyoni mwa Yehoshafati: aliogopa (fungu la 3). Hakuna nabii aliyemkemea kwa hofu hiyo. Fungu lilo hilo linaeleza kwamba alielekea kumtafuta Bwana, akatangaza mfungo katika Yuda yote. Hofu na imani vilikaa ndani ya moyo mmoja, siku moja. Jambo kubwa ni mahali mfalme alipoipeleka hofu yake.

Yehoshafati hakuwa mfalme asiye na jeshi. Hesabu ya askari wake katika 2 Nyakati 17:14–18 inapita 1,000,000, mbali na wale waliolinda miji yenye maboma. Hata hivyo, alisimama katika nyumba ya Bwana akakiri kwamba Yuda haikuwa na uwezo, wala haikujua la kufanya (2 Nyakati 20:12).

Angalia mpangilio wa maombi yake. Alianza na Mungu ni nani (fungu la 6), kisha Mungu amekwisha kutenda nini (fungu la 7), kisha ahadi iliyohusu nyumba ile (mafungu ya 8, 9). Ndipo akataja adui. Mtu mwenye wasiwasi kwa kawaida huanza na tatizo na kuishia hapo hapo: ada ya shule isiyopatikana, majibu ya hospitali yanayosubiriwa, mtoto asiyepiga simu. Usiku kucha hulizungusha jambo lile lile kichwani. Ibada hailiondoi tatizo katika maombi, bali huliweka mahali pake, nyuma ya ukuu na wema wa Mungu.

Angalia pia waliokuwapo. Wanaume, wake zao na watoto wao wadogo walisimama wakimsikia mfalme wao akikiri unyonge (fungu la 13). Leo waumini wengi huulizwa hali zao mlangoni pa kanisa, nao hujibu kwamba wanamshukuru Mungu, ingawa hawajapata usingizi siku tatu. Huogopa kuambiwa hawana imani. Kusanyiko la Yuda lilikuwa mahali ambapo hata mfalme aliweza kusema ukweli.

Soma 2 Nyakati 20:14–22. Ahadi ya Mungu ilikuja wakati gani, nao watu waliipokeaje?

Roho wa Bwana alimjia Yahazieli, Mlawi wa wana wa Asafu, katikati ya kusanyiko. Faraja ilikuja kwa njia ya mtu aliyekuwa pamoja nao katika ibada. Kama kila mmoja angejifungia nyumbani na hofu yake, nani angelisikia neno lile?

Mfalme na watu wakainama na kusujudu. Walawi wa wana wa Kohathi na wa Kora wakasimama kumsifu Mungu kwa sauti kuu. Lakini adui alikuwa bado yupo. Ahadi ilihusu kesho yake (mafungu ya 16, 17), hivyo palikuwa na usiku wa kuvuka. Asubuhi walitoka kwenda jangwa la Tekoa, na waimbaji wakawekwa mbele ya wenye silaha. Sifa zilitangulia ushindi. Wala ibada haikuwafanya waketi tu: waliambiwa kwamba vita si yao, lakini waliambiwa watoke. Anayemwabudu Mungu hupata nguvu ya kuchukua hatua iliyo mbele yake, hata kama miguu bado inatetemeka.

Soma Zaburi 42. Mwandishi anakumbuka nini katika huzuni yake? Anazungumza na nani?

Kuna siku wimbo hautoki. Zaburi hii, ambayo kichwa chake kinawataja wana wa Kora, ni ya mtu ambaye machozi yamekuwa chakula chake. Yuko mbali na nyumba ya Mungu, lakini anakumbuka alivyokwenda huko pamoja na mkutano. Anaihoji nafsi yake na kuihimiza imngojee Mungu. Kiitikio hicho kinarudi mara tatu katika Zaburi ya 42 na ya 43. Wasiwasi hurudi, na tumaini nalo linahitaji kurudiwa.

Imani pia haidharau mwili. Eliya alipochoka hata akaomba kufa, Mungu alimpa usingizi, chakula na maji kabla ya kumpa kazi nyingine (1 Wafalme 19:4–8). Mwenye wasiwasi usiomwacha, unaomnyima usingizi na kumshinda kufanya kazi, asione haya kumwendea daktari au mshauri huku akiendelea kuomba. Kutafuta matibabu si kumkana Mungu.

Paulo aliwaandikia Wafilipi akiwa kifungoni (Wafilipi 1:13). Amani aliyoitaja haikutegemea kufunguliwa kwa mlango wa gereza. Ilikuwa mlinzi wa moyo wakati mlango ungali umefungwa.

Maswali ya Kujadili

1. Andika sala fupi ukifuata mpangilio wa Yehoshafati. Kuchelewa kulitaja tatizo kunabadilisha nini katika namna unavyoliona?

2. Darasa lenu la Shule ya Sabato linaweza kufanya nini ili mtu aseme “naogopa” bila kuhukumiwa? Ni maneno gani ambayo huwaumiza wenye wasiwasi, hata yanaposemwa kwa nia njema?

3. Yuda waliimba kabla ya kuona ushindi. Utamsaidiaje mtu ambaye ameomba na kusifu kwa muda mrefu, lakini hali yake haijabadilika?

4. Ni nani ambaye hajaonekana katika ibada kwa majuma kadhaa? Ni nani kati yenu atakayemtembelea kabla ya Sabato ijayo?