Hofu Kuu ya Ghafla ni Ugonjwa, na Unatibika

Mwezi huu tunazungumzia ugonjwa ambao watu huuficha kwa aibu.

Mama mmoja aliletwa wodini usiku mara tatu katika mwezi mmoja. Moyo ulimwenda mbio, jasho lilimtoka, pumzi zilimbana, vidole vilikufa ganzi, naye akalia kwamba anakufa. Tulimpima moyo, damu na malaria, tukakuta yote ni sawa. Tukamwambia, "Mama, huna ugonjwa." Tulikosea. Alirudi nyumbani na aibu, akaacha kupanda basi na kwenda sokoni. Majirani wakasema ana mapepo.

Ugonjwa huu ni nini?

Mtu akikutana na nyoka, mwili hutoa adrenalini ili aweze kukimbia. Moyo hudunda, pumzi huharakishwa. Kwa mgonjwa huyu mwili hufanya hivyo bila nyoka. Hofu hupanda kwa dakika 10 hivi, kisha hushuka. Ganzi na kizunguzungu huletwa na kuhema haraka mno. Inatisha sana, lakini hofu hiyo yenyewe haiui.

Kupatwa mara moja si ugonjwa. Ni ugonjwa hofu inaporudi bila sababu, na mtu akakaa mwezi mmoja au zaidi akiogopa itakayofuata, au akikwepa mahali ilipompata. Wanawake hupatwa karibu mara 2 kuliko wanaume.

Hutibiwaje?

Kwanza apimwe hospitali, kwa maana ugonjwa wa moyo, wa tezi ya shingo, au upungufu wa damu huweza kufanana na huu. Maumivu ya kifua yasidharauliwe kamwe.

Tiba ya kwanza ni mazungumzo na mtaalamu. Mgonjwa hufundishwa kuielewa hofu yake na kurudi polepole mahali anapopaogopa. Tiba ya pili ni dawa, kama fluoksetini au setralini. Hazifanyi kazi siku ile ile. Huchukua wiki kadhaa, na mgonjwa akipata nafuu huendelea nazo kwa miezi 6 au zaidi. Asiziache ghafla bila kumwona daktari. Diazepamu hutuliza upesi, lakini mtu huizoea akashindwa kuiacha. Msiinunue dukani kiholela.

Jamaa wafanye nini?

Kaeni naye. Mwambieni, "Itapita, tuko pamoja nawe." Avute pumzi polepole, na kutoa pumzi kuwe kurefu zaidi. Apunguze kahawa, aache pombe na miraa. Msimcheke, wala msimwambie anajifanya. Anayetaka kuombewa aombewe, lakini dawa zake asinyang'anywe.

Yule mama alirudi, tukamwomba radhi, akaanza matibabu. Baada ya miezi michache alipanda basi peke yake kwenda sokoni. Kama nyumbani kwenu yuko aliye kama yeye, mleteni.