SOMO: KIDHIBITI CHAJI, MLINZI WA BETRI YA CHAMA

Wilaya ya Chamwino haina uhaba wa jua. Tangu Mei hadi Novemba mvua ni adimu, na hata katika majira ya mvua jua huonekana siku nyingi. Chama cha msingi chenye ofisi au ghala mbali na nguzo za umeme chaweza kuwasha taa na kuchaji simu kwa nguvu za jua. Lakini betri ni mali ya wanachama, nayo huharibika upesi isipolindwa. Mlinzi wake ni kidhibiti chaji, ambacho mafundi wengi hukiita kontrola.

Kazi zake ni tatu:

1. Kuzuia betri isijazwe kupita kiasi. Paneli haijui kwamba betri imejaa. Maadamu jua lawaka, hupeleka umeme. Katika betri ya risasi na asidi, umeme uliozidi huyagawa maji kuwa gesi za haidrojeni na oksijeni. Maji hupungua, sahani za risasi huliwa, na gesi hiyo yaweza kulipuka ikikaribiwa na moto. Kwa betri ya volti 12, kidhibiti huanza kupunguza umeme zifikapo volti 14.4 hivi.

2. Kuzuia betri isinyonywe mno. Betri iliyojaa na kupumzika huonyesha volti 12.7 hivi, ikionyesha 12.2 imebaki nusu. Ikiachwa tupu, salfeti huganda kwenye sahani zake, na betri haishiki tena chaji kama zamani. Kwa hiyo kidhibiti hukata taa zikibaki volti 11 na nusu au chini yake kidogo.

3. Kuzuia umeme wa betri usirudi kwenye paneli usiku.

Kosa kubwa hutokea katika kazi ya pili. Taa huzimika saa tatu usiku, hesabu za mazao hazijakwisha, na mtu huunga waya moja kwa moja kwenye betri, akisema ni kwa usiku mmoja tu. Taa huwaka, lakini umri wa betri umepunguzwa. Kidhibiti hakikukosea. Kimefanya kama mweka hazina anayekataa kulipa fedha zisizokuwamo sandukuni. Dawa ni kupunguza matumizi au kuongeza paneli na betri.

Wakati wa kununua, kamati ipige hesabu. Paneli mbili za wati 100 ni wati 200. Gawanya kwa volti 12, utapata ampea 17 hivi. Kidhibiti cha ampea 10 hakitoshi. Kinachofaa ni cha ampea 20 au zaidi. Kidhibiti sharti kirekebishwe kulingana na aina ya betri, kwani betri ya lithiamu haichajiwi sawa na ya risasi.

Fundi aunge betri kwanza, kisha paneli. Wakati wa kufungua, aanze na paneli. Fyuzi iwekwe karibu na betri. Katibu naye aandike volti kitabuni kila asubuhi kabla ya jua kupanda.

Maswali ya majadiliano:
(a) Kwa nini taa huzimika ingawa betri haijaisha kabisa?
(b) Je, katika chama chenu kuna waya uliorukishwa kidhibiti? Nani atauondoa, na lini?
(c) Ni matumizi gani ya usiku yanayoweza kuhamishiwa mchana?