Nyoka Ameuma, Hospitali i Mbali

Msomaji, huenda wewe unaishi Nairobi na mama yako yuko Mutha au Tseikuru. Simu ikilia usiku ukaambiwa ameumwa na nyoka, utauliza kama amefikishwa hospitalini. Mara nyingi utajibiwa kwamba yuko kwa mganga. Kabla ya kukasirika, piga hesabu.

Kaunti ya Kitui ina zaidi ya kilomita mraba 30,000. Zahanati zipo vijijini, lakini kwa kawaida huhudumu mchana, na dawa ya kuzuia sumu ya nyoka ni ghali, hivyo hutafutwa katika hospitali kubwa. Usiku usafiri ni bodaboda, na nauli hutakiwa mapema. Mganga yuko karibu, anaongea Kikamba, hukubali kulipwa baadaye, wala haulizi kitambulisho.

Hospitalini kitambulisho huulizwa. Tangu Oktoba 2024, SHA ilichukua nafasi ya NHIF. Aliyejisajili hutibiwa bure katika zahanati na kituo cha afya, lakini ili alazwe hospitalini kwa bima ni lazima awe amelipa. Mchango wa chini ni shilingi 300 kwa mwezi, na asiye na mshahara huulipia mwaka mzima, yaani shilingi 3,600. Wakati wa ukame, hizo ni pesa za unga.

Shirika la Afya Duniani liliorodhesha sumu ya nyoka miongoni mwa maradhi yaliyopuuzwa mwaka 2017. Sumu ya kifutu huozesha nyama; ya koboko huweza kuzuia pumzi katika muda wa saa chache. Mbona basi wengine hupona kwa mganga? Kwa sababu si kila nyoka aumaye hutia sumu. Mgonjwa wa namna hiyo angepona hata bila lile jiwe jeusi linalobandikwa kwenye jeraha, ila sifa huchukuliwa na jiwe.

Nyoka akiuma, mlaze mgonjwa, asitembee. Mvue pete na bangili kabla ya uvimbe. Funga kijiti kando ya mguu au mkono ulioumwa ili usitikisike. Usichanje, usifyonze, wala usikaze kamba. Usimkimbize nyoka, utapata wagonjwa wawili. Kwenye pikipiki mgonjwa akae katikati, mtu wa nyuma amshike.

Wewe uliye mjini una kazi yako, na ifanye kabla ya mvua. Hakikisha mama amejisajili SHA. Kwa simu ni *147#. Uliza katika hospitali ya Mwingi au ya Kitui, iliyo karibu naye, kama dawa ya nyoka ipo sasa, kwa maana huisha. Kisha uliza kijijini ni nani mwenye pikipiki anayekubali kubeba mgonjwa usiku, uweke nambari yake, naye umwachie nauli mapema.