Namba Si Ruhusa: Mafunzo Niliyopata kwa Kurusha Droni Marekani

Nilikulia Tanga, tukirusha tiara ufukweni, na hakuna aliyewahi kutuuliza ya nani. Nilipohamia Maryland, Marekani, na kujinunulia droni yangu ya kwanza mwaka 2015, nilidhani nimepata tiara yenye betri. Kabla mwaka haujaisha, serikali ikatangaza kwamba wenye vifaa vya aina hiyo wajisajili. Nilinung'unika kama wenzangu. Leo, baada ya droni tatu na ndege mbili za mfano, moja ikiwa bado imenasa juu ya mti, nina machache ya kusimulia.

1. Kila kanuni ina chanzo chake

Januari 2015 droni ndogo ilianguka usiku kwenye bustani ya Ikulu ya Marekani. Mrushaji hakuwa adui wa mtu. Alikuwa mtumishi wa serikali aliyekuwa akijifurahisha nje ya saa za kazi, na asubuhi yake akajitaja mwenyewe. Nikajiuliza: je, kama angenyamaza? Wakati huo droni ya kujifurahisha haikulazimika kuwa na namba ya mwenyewe. Desemba 21 mwaka huohuo, Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Marekani, FAA, ikafungua daftari la usajili kwa vifaa vyenye uzito wa zaidi ya gramu 250 hadi kilo 25 hivi. Mwenye kifaa awe ametimiza miaka 13, ada dola 5 kwa miaka 3. Waliowahi ndani ya siku 30 za mwanzo walirudishiwa ada. Mimi ni mpenda vya bure, kwa hiyo niliwahi.

2. Anayesajiliwa ni mtu

Baba mdogo alikuwa na mashua yenye namba ubavuni, na aliponunua ya pili, nayo ikapewa yake. Nilitarajia hivyohivyo. Kumbe kwa anayerusha kwa kujifurahisha, namba moja hubandikwa kwenye vifaa vyake vyote. Somo hili lilinikaa nilipouza droni ya kwanza. Siku mbili baadaye nikakumbuka kwamba namba yangu bado imo ndani yake. Kama mnunuzi angeipeleka penye ndege za abiria, wa kwanza kugongewa mlango ningekuwa mimi. Nilimpigia simu nikamwomba aifute na kubandika yake. Tangu siku hiyo siuzi kitu kabla sijakwangua stika.

3. Mizani ya jikoni isikae mbali

Droni yangu ya pili iliandikwa gramu 249 kwenye boksi, na ndiyo sababu niliinunua: kwa kujifurahisha tu, uzito huo hauhitaji kusajiliwa. Kisha nikaifungia kinga za pangaboi na taa ndogo ya kuiona jioni. Mke wangu, aliyekuwa akipima unga wa mandazi, akaniambia niiweke kwenye mizani. Gramu 271. Kinachohesabika ni uzito wa kifaa kinaponyanyuka, pamoja na kila ulichokipachika. Alichoandika mwenye kiwanda kwenye boksi hakikutetei.

4. Usitupe stika mapema

Mei 2017 mpenda droni mmoja ambaye pia ni mwanasheria, John Taylor, aliishinda FAA katika Mahakama ya Rufaa mjini Washington. Hoja yake ilikuwa nyepesi: sheria ya mwaka 2012 iliizuia FAA kutunga kanuni mpya juu ya ndege za mfano, na usajili ni kanuni mpya. Mahakama ikakubali. Katika klabu yetu ya warushaji watu walishangilia, na mwenzetu mmoja akaomba arudishiwe dola 5 zake na jina lake lifutwe. Sherehe haikufika mwaka. Desemba 12, 2017, usajili ulirudi kupitia kifungu kilichowekwa ndani ya sheria ya bajeti ya ulinzi, na mwenzetu akalipa tena.

Mabadiliko hayakuishia hapo. Zamani namba iliweza kufichwa kwenye chumba cha betri. Tangu Februari 2019 lazima ionekane kwa nje. Mwaka 2021 ukaja mtihani mfupi wa usalama kwa warushaji wa kujifurahisha, ambao haulipiwi. Na tangu Machi 2024 FAA inawabana wasio na kitambulisho cha redio, yaani droni iliyosajiliwa itangaze hewani utambulisho wake, mahali ilipo na mahali aliposimama anayeiongoza. Ndege zangu za mfano ni kuukuu, hazina kifaa hicho, kwa hiyo nazirusha kwenye uwanja wa klabu uliotambuliwa na FAA, ambako hakidaiwi.

5. Namba si ruhusa

Hili ndilo lililonigharimu muda mwingi zaidi. Siku niliyopata namba, nilitoka uani kwangu, Silver Spring, kifua mbele. Nikawasha droni. Pangaboi hazikuzunguka. Nikazima, nikabadilisha betri, nikawasha tena, wapi! Nilikwisha kuirudisha kwenye boksi ili niipeleke dukani, ndipo nikasoma maandishi kwenye simu: niko katika eneo lililofungwa. Ndani ya duara la maili 15 kuzunguka Washington, droni hairuki bila kibali maalumu. Kati ya maili 15 na 30 inaruka kwa masharti. Uani kwangu ni ndani kabisa ya duara la kwanza. Nilikuwa nimesajiliwa kihalali na sina pa kurushia. Kila nikitaka kurusha naendesha gari karibu saa nzima, na huko nako sipandi juu ya futi 400 wala siiachi droni ipotee machoni. Hifadhi za taifa nazo zilishazifungia droni milango tangu 2014.

6. Harusi ya rafiki ni kazi

Rafiki aliniomba nimpigie picha za harusi kutoka angani, akaahidi kunitoa kidogo. Niliona ni fadhila tu. Lakini ukirusha kwa ajili ya shughuli ya mtu au biashara, hujifurahishi tena: unahitaji cheti cha rubani wa droni, ambacho kina mtihani wa kulipia, na kila droni inasajiliwa kivyake, hata iliyo chini ya gramu 250. Nilimtafutia mwenye cheti. Mimi nikala pilau.

7. Andika na namba ya simu

Mwaka 2019 upepo uliichukua droni yangu. Nilizunguka hadi giza likaingia. Siku ya nne mzee mmoja alinipigia: ameikuta kwenye maua yake. Namba ya FAA aliiona, ila haikumwambia chochote. Kilichomsaidia ni karatasi niliyoibandika kando yake, yenye namba yangu ya simu. Ile ya serikali inawafaa polisi. Ya simu inawafaa majirani.

8. Namba haivuki mpaka

Nilipopanga kwenda Tanga na droni, nilimtuma kaka aniulizie kwanza. Jibu: usajili wa Marekani huko hautambuliki. Tanzania ina kanuni zake za mwaka 2018 chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na kibali huombwa kabla ya safari. Nilikuwa nimechelewa, kwa hiyo niliiacha Maryland, na likizo nzima tulirusha tiara na watoto wa kaka.

Nawe unayetaka kumnunulia mtoto droni, au kuja nayo nyumbani likizo, anza kwa kupiga simu mamlaka ya anga ya nchi utakayorushia. Uliza mambo matatu: kama inasajiliwa, kama mahali unapotaka panaruhusiwa kurushia, na kama shughuli yako inahesabiwa kuwa kazi. Ukishajibiwa, bandika namba. Betri ichaji mwisho.